Mkeka Mbele ya Vyungu

Tulinagwe binti Ambokile alitolewa ng'ombe wa mahari kabla hajajua hata kujifunga nguo vizuri. Kwetu hilo halikuwa la kunong'onezana. Wangapi tumeposwa tukiwa bado tunacheza na matope? La kunong'onezana lilikuwa jingine. Mchumba mwenyewe, Yotamu, alikuwa machimboni kusini miaka nenda rudi, na walioshuka na meli pale Mwaya walisema amenenepa kwa mapishi ya mtu mwingine. Mchumba hayupo basi, ila mkwe yupo, na yupo kila mahali. Mzee Nsajigwa wa Ngonga, baba yake Yotamu: mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenye baiskeli yenye kengele mbili, sijui ya pili ilikuwa ya nini.

Asiye wa kwetu naye aelewe. Binti akishaposwa, baba mkwe hamwoni na haonwi naye. Jina lake halitaji. Akisikia kengele ya baiskeli anaingia mpungani, na kama hakuna mpunga anaingia mtoni. Wakikutana ghafla njiani, anaanguka chini na kujifunika uso mpaka mzee apite. Kwa Kinyakyusa tunaita ukutila, kumcha mkwe. Wamisionari walituondolea mengi, wake wawili, matambiko, ngoma fulani fulani, lakini hili hawakuligusa, au waligusa likawashinda. Wabatizwa wenyewe ndio waliolishika kwa nguvu kuliko wote, na Mzee Nsajigwa alikuwa wa kwanza.

Sasa, Tulinagwe alikuwa na akili. Siyo akili ile ya kusifiwa na mama. Mwalimu Hezroni, ambaye alikuwa akila kwangu maana nyumba yangu haikosi chungu motoni wala mtu wa kuniletea habari, alikuwa akiacha tonge mkononi akimsimulia. "Mama, yule mtoto anauliza swali, mimi naenda kulala nalo." Mwalimu mwenyewe alizaliwa huko juu Rungwe, akaenda vita ya Hitla mpaka Burma akiwa mbeba simu ya upepo wa jeshi. Alirudi na buti, na kikohozi, na habari moja ambayo aliisimulia mpaka tukaichoka: kwamba Ulaya wametengeneza mashine kubwa kama kanisa, inapiga hesabu yenyewe, na siri yake ni kwamba inajua maneno mawili tu, ndiyo na hapana.

"Kama mume wangu," nilimwambia. "Ila yeye anajua moja."

Bwana Elimu, Mzungu mkaguzi, alipopita mwaka ule akasema mbele ya wote kwamba safari ijayo atakuwa na nafasi moja ya msichana katika shule ya bweni kule milimani. Nafasi moja, kwa shule zote za bondeni. "Mimi napa yule nasikia kwa masikio yangu," alisema kwa Kiswahili chake. "Asimame, aonyeshe kitu, aseme mwenyewe."

Ambokile, baba yake Tulinagwe, alikwenda Ngonga na jogoo kwapani kumwuliza mwenye ng'ombe zake. Mzee Nsajigwa akafikiri, akasema: "Serikali ikimchukua, mimi ni nani nishindane na Serikali? Ndoa itangoja. Isipomchukua, tukivuna mpunga namchukua mimi." Kila mtu akasema mzee kanena vizuri. Kwa hiyo binti alikuwa na njia mbili, na tulizijua wote mpaka watoto wa kunyonya: bweni au Ngonga.

Ndipo Mwalimu Hezroni akaamua kuitengeneza ile mashine.

"Wazungu wanatumia umeme," aliwaambia darasa. "Sisi umeme tutautoa wapi? Lakini maji! Kuna mtu wa Kyela atakayelalamika kakosa maji?" Watoto wakacheka, maana masika ile nusu yao walikuja shule kwa mtumbwi.

Mama yake Tulinagwe, Marta, alikuwa Mkisi wa Ikombe, mfinyanzi, na ndiye aliyefinyanga vyungu vinne. Cha kwanza kidogo, cha pili mara mbili yake, cha tatu mara mbili ya cha pili, na cha nne mara mbili tena. Walivipanga kwenye ngazi ya udongo ndani ya darasa, kidogo juu, kikubwa chini. Katikati ya kila chungu walisimamisha mwanzi mfupi uliotoboka mpaka chini ya kitako, na juu ya mwanzi wakafunika kikombe cha udongo kilichopinduliwa, chenye vijitundu ukingoni. Ukimimina kikombe kimoja cha maji katika chungu cha juu, yanatulia tu. Ukimimina cha pili, maji yanapita kichwa cha mwanzi, na hapo ndipo watoto walipopiga kelele siku ya kwanza: chungu kinajikamua chote, tone la mwisho, kinamwagia cha chini yake na kubaki kikavu.

"Wamekiroga," alisema Aliko, mchekeshaji wa darasa.

"Nani kamroga nani? Fikiri," alisema Mwalimu. "Maji yamekwisha kushuka chini ya kichwa cha mwanzi. Mbona bado yanapanda kuuingia?"

Tulinagwe akasema polepole: "Hayapandi kwa kupenda. Hewa ya nje inayakandamiza kwa juu. Ndani ya kile kikombe hewa imeshafukuzwa na maji. Yanakimbilia pale pasipo na wa kuyakandamiza."

"Kama wewe na baba mkwe!" alisema Aliko, na darasa zima likaangua kicheko. Hata yeye alicheka.

Basi ndivyo walivyojifunza mwaka ule, huku wengine kote bondeni wanakariri majina ya mito ya Uingereza. Uzito wa hewa. Kwa nini maji hayaendi juu kuliko yalikotoka. Kwa nini kipande cha gogo jepesi kinaelea na kokoto inazama, maana kila chungu kilitiwa kielezo kinachoelea, chenye kijiti kirefu na unyoya wa jogoo kileleni. Chungu chenye maji, unyoya juu: ndiyo. Chungu kikavu, unyoya chini: hapana. Unyoya wa chungu cha kwanza unasema moja, wa pili unasema mbili, wa tatu nne, wa nne nane. Mimina vikombe saba, halafu sita, kisha soma manyoya yaliyosimama: nane na nne na moja. Kumi na tatu. Wala hapana mkono uliogusa chochote.

Haikuwa rahisi, msidhani. Vyungu vipya vilikunywa maji, hesabu ikawa inapungua. Marta akavipikia uji wa mchele mpaka udongo ukashiba. Mwanzi ulipasuka. Ukimimina kwa woga maji yanachuruzika badala ya kukamuka, na Tulinagwe ndiye aliyegundua kwamba kikombe lazima kimwagwe kwa mpigo mmoja, ili hewa ifukuzwe yote. Akawa ndiye mmiminaji. Akawa pia ndiye mwelezaji. Jioni alikuwa akija kwangu kusaidia kutwanga, anatwanga huku anahutubia kuku kwa Kiingereza. Nilimpa jina Bibi Elimu. Kuku wangu walisoma sana mwaka ule.

Habari ikaja kwamba mkaguzi anafika wiki ijayo. Hapo ndipo nyumba yangu ilipojaa, na hapo ndipo mtu fulani, tena mlevi, akauliza swali ambalo sisi wenye akili hatukuliuliza: "Na mwenyekiti wa kamati atakaa wapi?"

Tukatazamana. Mwenyekiti hukaa mbele, kando ya Mzungu.

"Asije," nilisema.

"Umwambie wewe," alisema Ambokile.

"Mimi si baba wa mtoto."

"Na mimi ndiye ninayekula ng'ombe zake. Nitamwambiaje mkwe wangu abaki nyumbani kwa ajili ya mwanangu?"

Marta aliinamia kazi yake. Alikuwa akisugua chungu kwa kokoto yake, anasugua palepale palipokwisha kung'aa.

Mwalimu akaenda Ngonga mwenyewe, nami nikajitia nina shangazi wa kumjulia hali huko, maana habari za kusimuliwa hazinishibishi. Tulimkuta Mzee Nsajigwa chini ya upenu wa paa lake, anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Mtu wa kimo gani sijui, maana nilipiga magoti kama inavyopasa, na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mgongo. Mwalimu alisalimu, akasifu migomba, akasifu baiskeli, kisha akasema kwa mzunguko mrefu kwamba labda siku ile mzee angependa kupumzika.

"Kupumzika na nini?"

"Na... shughuli, tata," alisema Mwalimu, akimwita baba kwa Kinyakyusa.

"Mwalimu. Matofali ya shule ile nani aliyachoma?"

"Wewe, tata."

"Mti wa paa?"

"Wewe."

"Basi Mzungu aje aone matofali yangu bila mimi? Aulize, mwenyekiti yuko wapi, mseme amemkimbia mtoto wa kike? Tangu lini mkwe akamkimbia mkamwana?" Akacheka, na sisi tukacheka, maana alicheka. "Mtoto abaki kwao. Huyo Aliko aseme. Ana mdomo."

"Nafasi ni ya msichana, tata. Na lazima aseme mwenyewe."

Mzee akafuta grisi vidoleni, kidole kwa kidole. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo nalo lijulikane; mtu mbaya ungemchukia ukamaliza. Akasema: "Mimi siwazuii. Tundikeni mkeka. Yeye nyuma ya mkeka na vyungu vyake, mimi mbele na mgeni wangu. Asinione, nisimwone. Na aseme kwa kunong'ona, Mwalimu utangaze. Haya, nimekataa au nimekubali?"

"Umekubali, tata. Ndaga fijo, asante sana."

Tulirudi tunaimba, jamani. Tulirudi tunajisifu njia nzima kwa akili yetu. Mwalimu Hezroni, aliyemfundisha mtoto uzito wa hewa, hakuuona uzito wa mkeka. Sote tulilelewa juu yake, tangu lini mtu akauona mkeka wa kwao? Tukauchagua ulio mpana, wa kwangu mwenyewe, uliofumwa vizuri.

Siku ikafika. Darasa lilijaa mpaka madirishani. Mzee Nsajigwa alikaa mbele na koti la kanisani, Bwana Elimu kando yake na kofia yake magotini. Mkeka ulitanda kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuma yake vyungu vinne, na Tulinagwe aliyeingizwa alfajiri kabla mkwe hajafika. Juu ya mkeka yaliyoonekana ni manyoya tu.

Mwalimu alieleza, jasho likimtoka. Bwana Elimu akatoa hesabu yake: "Saba na sita."

Tukasikia maji. Manyoya yakapanda, yakashuka, yakapanda. Nane, nne, moja. "Kumi na tatu!" Mwalimu alitangaza, na watu wakapiga makofi mpaka vumbi likashuka kwenye paa.

Mzungu hakupiga. Alikuwa akitabasamu namna mtu mzima anavyomtabasamia mtoto aliyeficha kitu mgongoni. "Mwalimu," alisema, "nyuma ya mkeka nani?"

"Mwanafunzi, bwana. Anamimina maji."

"Ana vijiti vinne mkononi, ndiyo? Na anajua kujumlisha."

Kicheko kikapita mbele, kile cha adabu. Mwalimu akawa kama amepigwa kofi. "Hapana, bwana. Hagusi vijiti. Ni maji yenyewe, ni hewa, ni..."

"Tisa na tatu," alisema Mzungu, na manyoya yote yakashuka, vyungu vikikaushwa, kisha Tulinagwe akaanza kumimina. Tulisikia kikombe kwa kikombe, kwa mpigo mmoja, kama alivyojifunza. Kisha, kabla hajamaliza, Bwana Elimu akainuka, akapiga hatua zake mbili ndefu, akaushika mkeka wangu kwa pembe, akaung'oa.

Hakumtendea ubaya. Alitaka kuona. Mtu gani aliyesoma asingetaka kuona?

Alichoona ni hiki. Msichana ameanguka chini nyuma ya ngazi ya udongo, amejikunja kama chatu, nguo yake ameivuta usoni, na kikombe cha mwisho amekikumbatia tumboni bado kimejaa. Ungemwona ungesema mwizi aliyekamatwa. Watu wakaguna. Mzee Nsajigwa aligeuza uso juu, akatazama mti wa paa lake.

"Aha," alisema Bwana Elimu. "Mashine."

Safari hii walicheka wote, na waliocheka sana ndio waliokuwa kwangu wakinywa chai yangu.

Mwalimu akakichukua kile kikombe kutoka mikononi mwa mtoto, akakimwaga mwenyewe katika chungu cha juu. Chungu kikajikamua, cha pili kikajikamua, cha tatu kikapokea. Unyoya unaosema nne na unaosema nane ikasimama, mengine yote chini, na mkono wa mtu haukuwepo. Kumi na mbili. Bwana Elimu alitazama. Aliinama, akaangalia ndani ya chungu, akaangalia mwanzi, na kicheko kikamtoka usoni. Alikuwa ameelewa. Kwa muda mfupi pale nilifikiri, basi, imekuwa.

"Hii nzuri," alisema kwa sauti nyingine. "Hii nzuri sana. Nani alifanya?"

"Huyu, bwana. Tulinagwe. Anaijua kuliko mimi."

"Basi asimame. Aseme."

Mwalimu akachuchumaa. "Inuka, mwanangu," alimwambia kwa Kinyakyusa. "Sema kama unavyosema kila siku. Funga macho, sema." Tulimwona mgongo tu, unapanda na kushuka. Mkwe alikuwa pale, umbali wa mtu kutema mate. Kama angesimama, sisi sisi tungemwambia nini kesho yake? Tungemwita nani? Alijua. Alitujua sisi vizuri kuliko alivyojua hewa na maji.

Na Mzee Nsajigwa je? Mlango ulikuwa wazi. Angetoka. Mzee hatoki kwenda haja? Angekohoa, angetoka, angesimama na matofali yake nje dakika chache, kisha angerudi na maisha yangekuwa mengine. Kila mmoja darasani aliufikiri mlango ule. Nimewauliza mmoja mmoja baadaye, wameungama. Hakuna aliyemwomba. Naye hakujiomba. Aliendelea kuhesabu miti ya paa.

Mwalimu akasimama, akamweleza Mzungu kwa Kiingereza, mikono ikienda huku na huku. Bwana Elimu alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akatugeukia tuelewe sote.

"Hii desturi," alisema. "Serikali naheshimu desturi ya wenyeji. Mimi hapana vunja desturi ya mtu." Akavaa kofia. Akampa Mzee Nsajigwa mkono. "Msichana wa desturi akae na desturi yake. Kule bweni iko wakaguzi wanaume, iko madaktari, kila siku atalala chini?"

Akaenda zake. Nafasi ilikwenda kwa binti wa mahali pengine, tulisikia wa karani, aliyesimama akaimba wimbo wa Kiingereza juu ya kondoo.

Lakini chungu zaidi kilikuwa bado hatujakinywa. Nilidhani mzee atatudai ng'ombe wa kusafisha aibu. Wapi! Jumapili iliyofuata alisimama kanisani baada ya matangazo. "Mmeona mkamwana wangu," alisema. "Mbele ya Mzungu, mbele ya Serikali, mtoto amekumbuka adabu. Wazazi, fundisheni binti zenu." Watu wakaitikia. Kuanzia siku ile, sokoni, mtoni, kwenye kupalilia, mama akimkaripia binti yake alisema: kuwa kama Tulinagwe. Wenzake walimchukia kwa sifa hiyo. Yeye akiisikia alikuwa akiitikia "ndaga" na kuendelea na kazi, na kwangu hakuja tena kutwanga.

Mpunga ulivunwa. Akapelekwa Ngonga, bwana arusi akiwa bado machimboni. Lililetwa koti lake likakaa kitini. Mwalimu Hezroni alihamishiwa mbali huko Ngana, ambako nasikia alifundisha mito ya Uingereza, na vizuri. Mimi mkeka wangu sikuutandika tena, niliukata wa kuanikia dagaa.

Yotamu alirudi hatimaye, mgonjwa wa kifua, na Tulinagwe akamzalia. Miaka yote hiyo aliishi katika mji wa Mzee Nsajigwa kwa kuzunguka nyuma ya migomba, kengele ikilia anaingia ndani, kengele ikipita anatoka. Tukienda kuwatembelea mzee alitusimulia habari ya Mzungu, kila mara Mzungu akizidi kuwa mrefu. "Hajaniona uso mpaka leo," alikuwa akisema, na machozi ya furaha yanamlenga. "Mkamwana gani tena atakuwa hivyo?"

Alikufa kwa homa, kiangazi, baiskeli ikiwa imeegemea ukuta. Tulijaa nyumba nzima. Tulinagwe aliingia na wanawake wa ukoo, nguo usoni kama kawaida, akapapasa njia mpaka alipolazwa maiti. Dada ya marehemu akamgusa bega: "Sasa funua, mwanangu. Hakuna tena."

Akafunua. Alimtazama kuanzia miguuni, ambako shuka lilikuwa limezidi na kukunjwa, mpaka kichwani. Alimtazama kama alivyokuwa akitazama chungu ambacho hakijatoa hesabu sawa. Hakulia.

"Kumbe mfupi hivi," alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, ikasikika hadi kwa kuku nje. Kisha dada ya marehemu akaangua kilio, sisi wengine tukamfuata upesi, tukalia kwa nguvu zote ili lisisikike jingine.